Mzee wa Santuri na Ng'ombe Wake

Mzee wa Santuri alikuwa haitikii shikamoo. Naanzia hapo, maana mtu asiyeitikia shikamoo, hata kama ana mambo makubwa kichwani, utakuwa umeshamchoka kabla hujayajua. Kila asubuhi nikitoka kwenda saluni nilimkuta koridoni, amekaa kwenye kiti chake mlangoni, blanketi magotini. "Shikamoo mzee." Ananiangalia kama mtu aliyeletewa bili ya gesi. Siku za mwanzo nikamweleza kwamba ile ni salamu ya heshima na yeye anatakiwa aseme marahaba. Akanijibu, "Marhaba ni neno letu. Mmelichukua mkaligeuza. Kwetu ni la kuanzia, siyo la kujibia."

"Basi anza wewe," nikamwambia.

Hakuanza. Na mimi nikaendelea kumwamkia miaka yote ile, kwa makusudi kabisa, kama mtu anayemwagia adui mchanga kitandani.

Tulikuwa tunagombana kwa Kiingereza, chake cha vitabuni na changu cha darasa la saba. Hapa nakiweka Kiswahili, na naomba mjue kwamba kwenye Kiswahili anaonekana mpole zaidi.

Flati zetu zilikuwa zinapakana, ghorofa ya tatu, Tottenham hapa London, kwenye lile jengo la kaunsili, yaani halmashauri, ambalo milango yote inafungukia korido moja ndefu ya nje. Upande huu mimi na mama. Upande ule yeye peke yake na santuri zake. Mama anaongoza kwaya, na kwa kuwa kanisa letu linakodi ukumbi wa watu kwa Jumapili tu, mazoezi ya Jumamosi yalikuwa sebuleni kwetu: kinanda, ngoma, watu wazima wamebanana kwenye sofa, na soprano mmoja mwenye sauti ya gari la wagonjwa. Upande wa pili kuna mtu anayehamisha santuri za zamani kwenye kompyuta, kazi ambayo hata kikohozi hakitakiwi. Mungu asingewapanga watu hawa ukuta mmoja. Kaunsili ndiyo iliyopanga.

Alikuwa Mpalestina. Watu wa jengo wakilijua hilo walianza kumwonea huruma, na huruma ilimkera kuliko ngoma yetu. Siku moja alikuja mwanafunzi wa chuo, kijana wa Kizungu ana miwani na begi la mgongoni, anafanya utafiti. Mimi niko koridoni naanika mashuka, mlango wa mzee uko wazi. Kijana akaomba nyimbo za kijijini, za kuchuma zeituni.

"Zeituni," Mzee wa Santuri akasema, taratibu. "Kila mtu anataka zeituni. Mama yangu hakuchuma zeituni hata siku moja. Alinunua dukani. Sisi tulikuwa na miji, kijana. Yafa ilikuwa na sinema, hoteli, migahawa ya waimbaji. Yerusalemu ilikuwa na redio. Wapigaji wetu walivaa tai. Waimbaji wetu walivaa viatu virefu na walidai walipwe kabla ya kuimba. Walichukua mji wetu, sasa wewe na begi lako umekuja kuchukua na muziki wa mji, uniachie mbuzi na filimbi."

Kijana akatoka macho mekundu. Nikamwambia, "Pole kaka, sisi mbona hata salamu haitikii."

Ila lile la mji lilinikaa. Mimi nimekulia Tabora mjini, na wateja saluni wananiuliza habari za simba. Simba pekee ninayemjua yuko kwenye noti ya elfu mbili. Kwa hiyo nilimwelewa yule mzee. Kumwelewa, lakini, siyo kumpenda, na yeye kupendwa hakuwa na haja nako.

Hakuwa anainuka kwa ajili ya mtu. Miguu ilikuwa mibovu kweli, lakini akitaka santuri ya juu kabatini aliinuka vizuri tu. Binadamu ndio hawakumwinua. Alikuja diwani, akampokea amekaa. Alikuja mchungaji wetu kutafuta amani, ametengeneza tai vizuri, akampokea amekaa halafu akamwambia anapumua kwa sauti. Mama, ambaye kazi yake ni kuwahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, alisema, "Wa namna hii nawapiga sabuni kila siku. Huyu anajidhani ni Farao, shauri yake."

Sasa nieleze kazi yake, maana bila hiyo hamtaelewa ubaya wake ulikuwa wa aina gani.

Santuri zile ni za muziki wa mijini kwao, wa kabla hawajafukuzwa. Udi, fidla, dufu, na kanuni, lile sanduku la nyuzi linalolazwa mapajani. Watu walipokimbia, muziki nao ukatawanyika. "Nani anakimbia na santuri?" alimwambia mama mara moja. "Unakimbia na mtoto. Santuri inavunjika." Kwa hiyo alikuwa anaziokota mojamoja popote zilipoangukia: Amman, Beirut, Kuwait, chumba cha chini cha daktari aliyefariki huku magharibi ya London, gulio la Jumapili katikati ya sufuria na midoli. Alizileta kwa basi zimefungwa taulo, amezipakata, na hata aingie mama mjamzito hampishi. Nyumbani alizisafisha kwa maji yaliyochujwa na brashi laini kuliko ya mtoto, kisha akazisimamisha kwenye kichanja cha vyombo zikauke. Spiriti ilikuwa marufuku, kwa sababu santuri za zamani zinayeyuka kwa spiriti. Wakati wa korona mama alimwekea mlangoni chupa ya dawa ya kupaka mikono, roho nzuri ya kikanisa. Akaitupa chini kutoka ghorofa ya tatu. Mama alidhani ni dharau tu, kumbe alichoogopa ni mkono wenye ile dawa kugusa santuri zake. Kutuambia hivyo hakutuambia. Tulikuja kujua baadaye, tumeshakasirika vya kutosha.

Ikishakauka, aliipiga mara moja tu, kwa sindano nyepesi, inaingia kwenye kompyuta, halafu inalala milele. "Santuri ni kama sabuni," alikuwa anasema. "Kila ukiitumia inakwisha."

Alikuwa na msemo mwingine pia, na huo ndio ulioleta vita. Kila santuri katikati ina karatasi ya duara: jina la kampuni, jina la mwimbaji. Karatasi ikikuambia kampuni, unajua mwendo wa kuipigia, maana mafundi wa zamani kila mmoja alirekodi kwa mwendo wake. Karatasi ikiwa imebanduka, unakisia tu. Mzee wa Santuri hakupenda kukisia. Zilizobanduka alizitupa kwenye boksi chini ya sinki, huko kwenye sabuni na matambara. "Isiyo na karatasi haina kwao," alimwambia mama, anaongea juu ya santuri.

Mama alikuwa ameishi hapa London muda mrefu bila karatasi, zile za kibali cha kukaa. Aliyasikia yale maneno, akafunga mlango. Usiku ananiuliza, "Yule mtu, ambaye kwao kumechukuliwa, anapata wapi mdomo wa kusema hivyo?" Mpaka leo nikifikiria namna alivyokuwa, nakwama hapohapo.

Jumamosi iliyofuata mama akaongeza ngoma ya pili.

Yeye na mzee walikutana koridoni kwenye mapumziko ya kwaya. Kwaya nzima imesimama na vikombe vya chai, inasikiliza kama haisikilizi.

"Madam," akasema, amekaa kitini, "nahitaji saa moja tu ya ukimya."

"Na mimi nahitaji saa mbili za kumsifu Mungu."

"Mungu wako ni kiziwi?"

"Mungu wangu siyo jirani yako."

Hapo ndipo akasema jambo ambalo, namjua sasa, hakupanga kulisema. Kwamba mama yake alikuwa mwimbaji. Kwamba kabla ya kuolewa, huko Yafa, aliingia studio akarekodi santuri moja, moja tu, kwa jina ambalo hakuwahi kulitaja kwa sababu familia iliona aibu. Alipoolewa akanyamaza. Alipokimbia akanyamaza zaidi. Yeye mwanawe alikuwa amemsikia akiimba kidogo tu, jikoni, akidhani yuko peke yake, na akiingia mtu anakata. Ile santuri alikuwa anaitafuta tangu nywele zake ni nyeusi. Kila anayoihamisha, anatafuta hiyo. "Na kila nikikaribia," akasema, "naisikia ngoma yako."

Soprano wetu alishaanza kulengwa na machozi. Mama, ambaye lile neno la karatasi lilikuwa bado linamchoma, akamjibu, "Mama yako angekuwa hai angekuja huku, tumpe kiti kwenye sauti ya pili." Wakaingia wakapiga ngoma zote mbili.

Basi akaanza na yeye kutupiga.

Alikuwa na gramafoni kuukuu la kuzungusha kwa mkono, lenye bomba kubwa kama ua la boga na sindano ya chuma nene kama msumari. Alilipandisha kwenye dirisha la jikoni, bomba linaangalia mlango wetu. Halafu akaingiza mkono chini ya sinki, akatoa santuri mojawapo ya zile zisizo na kwao. Kwaya ikianza tu, anaachia.

Ilikuwa sauti ya mwanaume. Nzito, inaburuzika, ina huzuni ya mtu anayetafuta kiatu gizani. Kwaya ikampa jina siku hiyohiyo: Ng'ombe. Nikamuuliza mzee, "Huyu ni nani?"

"Mwimbaji mbovu kuliko wote waliowahi kuimba Yafa. Simjui na sina haja ya kumjua."

"Sasa kwa nini unampiga?"

"Kwa sababu mnamstahili."

Mama akaniambia, "Rekodi. Kaunsili wanataka ushahidi, tutawapa ushahidi." Nikasimama mbele ya lile bomba na simu yangu. Mnajua yule mzee alifanya nini? Akanirekebisha. "Usizibe kipaza sauti na kidole, wewe msichana. Sogea. Siyo katikati ya bomba, pembeni kidogo. Mkono usitikisike." Mtu namtafutia mashtaka, ananifundisha kuyarekodi vizuri. Nikarekodi Jumamosi ile na kadhaa zilizofuata, kisha nikachoka. Mama wa kaunsili alikuja, akasikiliza pande zote mbili, akatuachia kijitabu cha ujirani mwema. Mzee wa Santuri alikiweka chini ya mguu wa gramafoni lisiyumbe.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Bwana asifiwe huku, Ng'ombe kule, Jumamosi kwa Jumamosi. Wakati mwingine alimpiga mara nne mfululizo. Tulimzoea mpaka watoto wa kwaya, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, walikuwa wanamwimba kwenye lifti.

Mwisho wa ile santuri kulikuwa na kitu. Wimbo ukiisha, kabla sindano haijafika katikati, unasikia watu wanacheka. Sijui nini kiliwachekesha huko studio, labda mpigaji aliangusha kitu. Mimi cheko ni kazi yangu. Saluni wananipenda kwa mdomo kuliko kwa mkono. Mteja akikaa saa tano anasukwa, lazima acheke, la sivyo anaanza kuhesabu. Kwa hiyo cheko nalijua. Na lile lilinikera tangu mwanzo. Likawa linanikera zaidi kila Jumamosi, mpaka siku moja nikasimama dirishani kwake, kwaya yote iko nyuma yangu.

"Mzee, hawa wanaocheka walikufa lini?"

"Toka hapo."

"Nauliza kweli. Hakuna binadamu anacheka hivi." Nikawaigiza: haa, haa, haa, kama mtu anayeshuka ngazi na kabati. Kwaya ikavunjika mbavu. "Unawachelewesha. Wape mwendo, maskini, wamalize kucheka waende nyumbani."

Alinyoosha mkono akafunga dirisha. Nilimwona kupitia kioo, bado ameinamia gramafoni. Nilidhani nimemshinda, na nilifurahi, sitaficha. Kwaya ilinipigia makofi.

Jumamosi iliyofuata hakumpiga Ng'ombe. Wala iliyofuata. Kiti cha koridoni kikawa kitupu. Mama akasema Mungu amejibu. Lakini nilimwona anapunguza sauti ya kinanda, anatega sikio ukutani, na katikati ya wiki alipika wali akasema, bila kumwangalia mtu, kwamba wazee wakinyamaza ghafla siyo dalili nzuri. "Nenda kamgongee." Nikasema siendi. "Basi usiende." Wali ukapoa.

Kengele ikalia Jumapili mchana, tumetoka kanisani, viatu bado miguuni. Miaka yote ile hakuwahi kuibonyeza. Nikafungua, yeye huyo, ameegemea fremu ya mlango, hana blanketi, anaonekana mfupi.

"Shikamoo," nikasema, kwa mazoea.

"Marahaba."

Nikaishiwa utani. Ni mara chache.

"Nani?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Adui."

"Mwambie aingie, asisimame kwenye baridi."

Hakuingia. "Ulikuwa unarekodi," akaniambia. "Zamani. Kwa ajili ya kaunsili. Bado unazo?"

"Unataka ushahidi wa makosa yako mwenyewe?"

"Unazo au huna?"

Ninazo. Simu yangu haifuti kitu, ndiyo maana kila siku inalia imejaa. Lakini nikamwuliza anazitakia nini, na sikuuliza kwa upole. Akaangalia sakafu. Akasema alimwongezea mwendo Ng'ombe. Alitaka kunionyesha mimi ni mjinga. Cheko likawa cheko. Na Ng'ombe hakuwa mwanaume.

Mama alikuwa ameshafika mlangoni na mwiko mkononi.

"Nimesikia mstari mmoja," mzee akasema. "Kabla ya kupanda juu alikuwa anameza, hivi, kama anaogopa. Jikoni pia mama yangu alimeza hivyo. Mstari mmoja tu. Kwingine kote imebaki chakarachakara. Nimeikwangua." Akaonyesha kwa mkono, sindano ya chuma inazunguka. "Kila Jumamosi. Kwa ajili yenu."

Kwenye sentensi hiyo ya mwisho alikuwa bado anatulaumu. Nataka mlijue hilo. Hata pale.

Niliingia kwake kwa mara ya kwanza. Maboksi yamefungwa kila mahali, maana kaunsili walikuwa wanamhamishia kwenye nyumba za wazee, Hayes, karibu na uwanja wa ndege. Nikatafuta rekodi ya kwanza kabisa, ile ya siku aliyonifundisha kusimama pembeni, nikaunganisha simu kwenye kompyuta yake. Akaipiga kwanza ilivyo. Ng'ombe akatoka, mzima, hajakwanguliwa, nyuma yake ngoma yetu kwa mbali. Mzee akashika kitufe, akaanza kumwongezea mwendo kidogokidogo. Sauti ikapanda. Ikaacha kuburuzika. Ilikuwa kama kuona mtu anaamka. Ikawa sauti ya msichana, nzito kidogo, ya kiburi, msichana wa viatu virefu aliyelipwa kabla ya kuimba. Akafika pa kupanda juu, akameza, akapanda.

Mzee wa Santuri akainuka.

Hakuinuka kuchukua kitu. Alisimama tu, ameshika ukingo wa meza, kama watu wanavyosimama mama akiingia chumbani. Sikumsaidia. Asingetaka.

Na hapo katikati, juu ya ile sauti, ikaingia sauti nyingine, nyembamba, ya haraka, kama panya amekanyagwa. Nikaijua nikataka kufa. Ni mama yangu. Siku ile alikuwa amesimama nyuma yangu koridoni, na sasa, kwa vile tumemwongezea mwendo mama yake, na wangu naye ameongezeka.

Mzee akasimamisha. "Anasema nini?"

"Hamna kitu."

"Nimeishi kwa kusikiliza. Anasema nini?"

Ningeweza kumdanganya. Nikakumbuka chupa iliyotupwa, nikakumbuka lile neno la karatasi. "Anasema mfe wote wawili, wewe na ng'ombe wako, mzikwe bila kwaya."

"Mama yangu alizikwa bila muziki," akasema. "Kwa hiyo nusu imeshatimia."

"Inaweza kukatwa? Ile sehemu ya mama?"

"Ukimkata yeye, unamkata na huyu. Wako juu ya mstari mmoja." Akarudisha nyuma, akasikiliza tena kile kipande, amesimama vilevile, kichwa upande. Nilingoja aseme neno, mtu akishasikia mama yake si husema neno. Akasema, "Mama yako anaingia kabla ya mdundo. Mwambie."

Nikaenda nikamwambia mama, nikijua kabisa nachokonoa vita. Alikuwa anapasha wali, na alikuwa amepakua sahani tatu. Hakuniangalia. Akajifuta mikono, akavua aproni, akavaa tena viatu vya kanisani.

"Kamwambie arudishe mwanzo," akasema. "Safari hii nitaingia kwenye mdundo."